Dawa za maumivu nyumbani baada ya upasuaji wa moyo: maswali yanayoulizwa kila siku

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini anapewa mfuko wa dawa na karatasi, na pale kila mtu anaitikia ndiyo daktari, ndiyo sista, alafu mkifika nyumbani usiku wa kwanza ndo maswali yanaanza. Mimi nilimuuguza mzee wangu baada ya kupasuliwa kifua, na tangu hapo ndugu na marafiki wenye wagonjwa wananiuliza mambo yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka yote pamoja. Kama karatasi mliyopewa hospitali inasema tofauti na hapa, fuateni karatasi, maana wao wanamjua mgonjwa wenu, wanajua figo zake, ini lake na dawa nyingine anazomeza.

## Mambo ya mwanzo

Kwani kinachouma hasa ni nini, ni moyo wenyewe?

Mara nyingi siyo moyo. Ili kuufikia moyo, daktari anaukata mfupa wa katikati ya kifua kwa urefu wake, anaupanua, na akimaliza anaufunga kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Yaani ni sawa na mtu aliyevunjika mfupa mkubwa, ila mkono ukivunjika unafungwa plasta unatulia, kifua hakitulii, kinatembea kila ukivuta pumzi.

Alafu kuna maumivu ambayo watu hawayategemei. Mabega, shingo na mgongo katikati ya mapanga ya mabega vinauma kwa sababu mbavu zilivutwa pembeni kwa masaa kadhaa. Mguu unauma kama mshipa wa kuunganishia kwenye moyo ulitolewa huko, na wengine wanasema mguu unawasumbua kuliko kifua. Vitundu vilivyopitishwa mipira ya kutoa maji, pale chini ya kifua, navyo vinachoma. Na kama wametumia ule mshipa wa ndani ya kifua, upande wa kushoto unaweza kuwa na ganzi au unawaka kama umepakwa pilipili (hilo lina dawa zake, angalia swali la gabapentini).

Mimi nimepasuliwa ubavuni kwa kidonda kidogo, mbona naumwa hivi?

Udogo wa kidonda usikudanganye. Katikati ya mbavu inapita mishipa ya fahamu, na ikivutwa au kubanwa siku za mwanzo zinaweza kuwa kali hata kumzidi aliyekatwa katikati. Kuuma hivyo hakuna maana kwamba operesheni imeharibika. Sema unavyoumwa, usijilinganishe na mwenzako wa kitanda cha jirani.

Maumivu yataisha lini?

Wiki 2 za kwanza ndo ngumu zaidi. Mfupa unaanza kushikana vizuri kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, na kukomaa kabisa unaweza kufika miezi 3. Dawa kali wengi wanaziacha mapema, baada ya siku chache au wiki moja mbili za nyumbani, wanabaki na parasetamoli. Usihesabu siku moja moja, angalia wiki hii na iliyopita. Siku moja mbaya baada ya kutembea zaidi ni kawaida tu. Ila maumivu yaliyoshuka alafu yakaanza tena kupanda siyo kawaida, soma sehemu ya maumivu yasiyofichwa na dawa.

Si bora avumilie tu? Dawa nyingi si zinaharibu mwili?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na jibu ni hapana, asivumilie. Mtu mwenye maumivu kifuani anavuta pumzi fupi fupi, anaogopa kukohoa, basi makohozi yanabaki chini ya mapafu na nimonia inaanzia hapo. Hataki kutembea, damu inaweza kuganda miguuni. Hapati usingizi, na presha na mapigo ya moyo yanapanda wakati moyo ndo kwanza umetoka kushonwa.

Mzee wangu kila ukimuuliza alikuwa anajibu siumwi, nipo sawa, na mimi nikamwamini siku mbili nzima, mpaka nikaona anapumulia juu juu na akitaka kukohoa anaumeza ule mkohozi. Kumbe "siumwi" yake ilikuwa na maana "siumwi nikikaa kimya bila kutikisika". Tangu siku ile niliacha kumuuliza unaumwa, nikawa namuuliza umeweza kukohoa? Umeweza kuvuta pumzi mpaka mwisho? Hapo ndo unapata ukweli.

Nitajuaje dawa zinatosha?

Hospitali wanatumia namba, 0 ni hakuna maumivu kabisa na 10 ni yale usiyoweza kuyafikiria. Nyumbani lengo siyo sifuri, sifuri wiki ya kwanza haipo. Lengo ni namba ya chini, tuseme 3 au 4, inayokuruhusu kuvuta pumzi ndefu, kukohoa, kuinuka kitandani, kutembea kidogo na kulala. Kama namba ni 3 ukiwa umekaa lakini inaruka 8 ukikohoa, dawa hazijatosha, piga simu kwa waliokuhudumia. Usijiongezee mwenyewe.

## Dawa zenyewe

Kwanini tumepewa parasetamoli tu? Hiyo si ya kichwa?

Watu wanaidharau kwa sababu wameizoea. Parasetamoli ukiimeza leo moja kesho hamna, kweli huioni kazi yake. Ukiimeza kwa saa zake, mfululizo, inashusha maumivu ya msingi na ile dawa kali unaihitaji kidogo. Haisumbui figo na tumbo kama zile ninazozisema hapo chini, haileweshi, haifungi choo. Ndo maana inakuwa mguu mmoja wa matibabu, zingine zinaongezwa juu yake.

Vidonge vingapi kwa siku?

Kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini, kawaida ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na mwisho ni gramu 4, yaani vidonge 8 ndani ya saa 24. Hapo ni ukuta, hakuna cha kuongeza kimoja kwa sababu leo imezidi. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe wa muda mrefu au aliyedhoofika kwa kukosa kula, kiwango chake ni cha chini zaidi na daktari ndo akiseme.

Mtego uko kwenye majina. Dawa nyingi za mafua na za kikohozi ndani yake kuna parasetamoli, na kuna vidonge vilivyochanganya kodeini na parasetamoli au tramadoli na parasetamoli. Mtu anameza hivyo, alafu anameza na Panadol, anadhani ni dawa mbili kumbe ni moja mara mbili. Geuza pakiti usome maandishi madogo, kwenye dawa za Marekani inaandikwa asetaminofeni, ni dawa ileile.

Zile za kuyeyusha kwenye maji zinazotoa povu vipi?

Zina chumvi nyingi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuwa na miligramu kama 400 za sodiamu, sasa piga mara 8, umeshapita kiasi cha sodiamu cha siku nzima kabla hujala kitu. Kwa mtu wa moyo aliyeambiwa apunguze chumvi, achague vya kawaida vya kumeza.

Nyumbani kuna diklofenaki na ibuprofeni, nimpe? Zinakata maumivu haraka.

Usimpe. Na hapa naomba usome mpaka mwisho, maana ndo kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa.

Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, piroksikamu, meloksikamu, indomethasini, selekoksibu, hizi zote ni ukoo mmoja. Zinatuliza maumivu kweli lakini kwa mtu aliyetoka kupasuliwa moyo zinaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imeweka onyo lake kali kuliko yote kwamba zisitumike kwa maumivu ya wakati wa upasuaji wa kuunganisha mishipa ya moyo. Mwaka 2005 ndugu yao mmoja, valdekoksibu, aliondolewa sokoni, na moja ya sababu ni madhara ya moyo yaliyoonekana kwa watu waliotoka kwenye upasuaji huohuo.

Na siyo moyo peke yake. Zinabana damu inayoingia kwenye figo, na figo za mgonjwa huyu zimetoka kupata misukosuko kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Zinashika maji na chumvi mwilini, miguu inavimba, presha inapanda. Zinachubua tumbo, na mgonjwa huyu karibu kila siku yuko kwenye aspirini au wafarini, dawa za kuzuia damu isigande, kwa hiyo tumbo likichubuka linavuja damu. Ibuprofeni pia inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake ya kuzuia damu isigande, ambayo ndo inailinda ile mishipa mipya.

Sisi shangazi alikuja kumwona mzee akamwonea huruma, akatoa diklofenaki kwenye pochi yake akampa kimoja. Nimekuta pakiti mezani jioni. Nilipiga simu wodini, sista akasema asimeze kingine, tumpime uzito asubuhi na tuangalie mkojo. Hakikutokea kitu, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo kila mgeni anaambiwa mlangoni, dawa ya mzee inatoka kwenye boksi lake tu.

Sindano ni ileile. Ukienda mahali kwa jambo lingine wakakwambia tukuchome ya maumivu, uliza jina lake na useme umepasuliwa moyo. Mafuta na jeli za diklofenaki zinaingia mwilini kidogo kuliko kidonge ila kidogo siyo sifuri, uliza kwanza.

Mbona basi amepewa aspirini, si ya ukoo huohuo?

Ndiyo ni ndugu yao, lakini kwa dozi ndogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, kazi yake ni kuzuia chembe za damu zisishikane. Hiyo siyo dawa ya maumivu, usiache kuimeza kwa sababu maumivu yamepungua na usiiongeze kwa sababu yamezidi.

Tramadoli, kodeini na mofini ni za nini?

Hizi ndo dawa kali, za kupandia juu ya parasetamoli siku za mwanzo. Zinatolewa kwa cheti, kwa siku chache, dozi ndogo inayotosha. Mnatumia parasetamoli kwa saa zake na hii kali inaingia pale maumivu yanapozidi au kabla ya jambo gumu kama kuoga na mazoezi ya kutembea, kadiri karatasi ilivyosema.

Kila moja ina tabia yake. Kodeini inatakiwa igeuzwe na ini kuwa mofini ndo ifanye kazi, na watu hatufanani, wengine miili yao haiigeuzi kabisa wanaona haisaidii kitu, wengine inaigeuza haraka mno wanalewa kwa kidonge kimoja. Tramadoli inaweza kuamsha kifafa kwa mwenye historia hiyo, na haipatani na baadhi ya dawa za sonona, kwa hiyo taja dawa zote unazomeza hata zile unazoona haya kuzitaja.

Kifua kinawaka moto na nguo ikigusa tu nasikia kama miiba. Parasetamoli haisikii kabisa.

Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu, na dawa za kawaida hazielewani nayo sana. Kuna dawa kama gabapentini au pregabalini, zilianza kama dawa za kifafa na zinatuliza hiyo mishipa. Hazikati siku hiyohiyo, dozi inapandishwa polepole. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, na zikikutana na mofini au tramadoli zinaweza kupunguza upumuaji, kwa hiyo usichukue za jirani ukajaribu. Ukimweleza daktari tumia maneno hayohayo, inawaka, inachoma, ina ganzi, kama umeme, yanamsaidia kuliko kusema inauma sana.

## Saa, usiku na shughuli za kila siku

Ameze kwa saa au akisikia maumivu?

Wiki ya kwanza na ya pili parasetamoli ni kwa saa, hata kama wakati huo hajisikii vibaya. Ukisubiri maumivu yapande ndo umeze, kidonge kinachukua nusu saa mpaka saa nzima kuanza kazi, na wewe muda wote huo umejikunja hupumui. Sisi tuliweka alamu kwenye simu na daftari la shule pembeni ya kitanda, tunaandika saa, dawa na namba ya maumivu. Daftari lile lilisaidia mambo mawili, hakuna aliyempa dozi mara mbili kwa sababu ya kubadilishana zamu, na kliniki daktari alisoma mwenyewe badala ya sisi kubishana mbele yake.

Amesahau dozi, afidie?

Ameze akikumbuka, alafu ahesabu upya kuanzia hapo. Kama saa ya dozi inayofuata imeshakaribia, aache ile iliyopita. Asimeze mbili kwa mpigo.

Usiku anaamka saa 9 analia. Tufanyeje?

Dozi ya usiku iwe karibu na muda wa kulala, nusu saa hivi kabla, ili isimwishie mapema. Kama dawa yake kali ni ya mara chache, waulize kama ya usiku ndo iwe hiyo. Ya pili ni jinsi anavyolala, wengi wanapata nafuu wakilala chali kifua kikiwa kimeinuliwa kwa mito, na mto mdogo chini ya kila mkono ili mabega yasivutwe. Akiamka kwa maumivu na muda wa dozi umefika, mpe, hakuna sababu ya kungoja asubuhi. Kumwamsha aliyelala vizuri kwa ajili ya parasetamoli, mimi sikumwamsha.

Nikikohoa nahisi kifua kinapasuka.

Kumbatia mto, au taulo lililokunjwa, ulibane kifuani kwa mikono miwili ndo ukohoe. Ukipiga chafya vivyo hivyo, kaa nalo karibu hata kwenye gari. Mazoezi ya pumzi, mara 10 hivi kila saa ukiwa macho kama wengi wanavyofundishwa wodini, yapange wakati dawa imeshaanza kazi. Hii haina dawa mbadala, kukohoa ni lazima.

Naweza kutumia joto au barafu?

Kwa bega na mgongo ndiyo, dakika 15 hadi 20, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Usiweke juu ya kidonda, na usiweke moto mahali penye ganzi maana utaungua bila kujua. Dawa za kuchua zenye kuwasha zikae mbali na mshono mpaka ufunge kabisa.

Nisipoumwa kwa sababu ya dawa, naweza kubeba vitu?

Hapana, na hili ni la hatari kwa sababu dawa inaondoa maumivu haiungi mfupa. Wengi wanaambiwa wasibebe zaidi ya kilo 2 hadi 5 kwa wiki 6 hadi 8, wasisukume, wasivute, wasijiinue kwa mikono. Namba yako iko kwenye karatasi yako, iheshimu hata siku unayojisikia mzima.

Kuendesha gari na pombe?

Kuendesha ni baada ya daktari kuruhusu, kwa wengi ni wiki 4 hadi 6 au zaidi, na kamwe siyo wakati unameza dawa inayolewesha. Pombe na dawa kali havikai pamoja, vyote viwili vinapunguza pumzi.

## Madhara yanayosumbua nyumbani

Hajapata choo siku ya nne na tumbo limejaa.

Tramadoli, kodeini na mofini zote zinafunga choo, na tofauti na kichefuchefu ambacho mwili unazoea, hili la choo haliondoki lenyewe mpaka dawa iachwe. Ukichanganya na kutotembea na kula kidogo, linakuja haraka. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kama sena au laktulosi, inaanzwa pamoja na dawa kali siku ileile, msisubiri siku ya nne. Kujikamua chooni kunapandisha presha na kunavuta kifua. Matunda, mboga, kutembea, na maji kwa kiasi alichoruhusiwa, maana wagonjwa wengine wa moyo wamewekewa kipimo cha maji na hapo usimwagie lita 3 kwa sababu umesikia maji yanalainisha choo. Kama tumbo limevimba, linauma na anatapika, hiyo ni hospitali.

Analala sana, ni kawaida?

Kusinzia ni kawaida, kutoamka siyo kawaida. Ukimwita kwa jina anafungua macho na kujibu, sawa. Ukimtikisa haamki vizuri, anakoroma kwa namna ambayo siyo yake, pumzi zinakuja moja moja zimeachana, midomo inabadilika rangi, acha dawa na ita gari la dharura saa hiyohiyo.

Baba ana miaka 78, anaongea vitu havipo.

Wazee wanachanganyikiwa baada ya upasuaji mkubwa hata bila dawa, na dawa kali zinaongeza. Piga simu siku hiyohiyo, inawezekana dozi ipunguzwe, inawezekana ni maambukizi au chumvi za mwili zimeharibika, na ambacho wengi hawafikirii, maumivu yasiyotulizwa nayo yanachanganya mzee. Usiku acha taa ndogo, ondoa vitu vya kujikwaa, asiende choo peke yake.

Naogopa atazoea dawa.

Woga wako una msingi, lakini usifanye umnyime. Hatari inakua kadiri siku zinavyozidi, ndo maana zinatolewa chache. Ukipata nafuu unaanza kuacha ile kali kwanza, parasetamoli inabaki mwisho. Unapunguza ya mchana, unabaki na ya usiku, alafu unaiacha. Kama amezitumia zaidi ya wiki moja mbili usizikate ghafla, muulize daktari ngazi za kushukia. Ukiona anaiomba kwa ajili ya usingizi au mawazo wakati kifua hakiumi, ongea na daktari bila kumsema vibaya, baada ya upasuaji wa moyo watu wengi wanapita kwenye huzuni na huzuni ina matibabu yake.

Zilizobaki zirudishwe famasi. Msiziweke akiba kabatini, na zinapotumika zifungiwe, watoto wanaona kila kitu.

## Dawa za maumivu zikikutana na dawa nyingine

Anatumia wafarini kwa sababu ya vali ya moyo. Kuna shida?

Parasetamoli bado ndo salama kuliko zote, lakini ikimezwa kila siku kwa dozi kubwa kwa siku kadhaa inaweza kupandisha INR (kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda), na tramadoli pia. Siyo sababu ya kuiacha, ni sababu ya kuwaambia kliniki ya INR kwamba ameanza, na tena akiiacha, ili kipimo kirudiwe mapema. Fizi kutoka damu, michubuko isiyo na sababu, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, nenda hospitali.

Na dawa za asili?

Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi, ginkgo na vingine vya kuongeza nguvu vinaweza kuongeza kutoka damu kwa mtu wa aspirini au wafarini. Kiungo ndani ya chakula siyo tatizo, tatizo ni kile kilichokamuliwa kikawekwa kwa wingi. Msifiche kwa daktari, huyo mtu hayupo pale kuwagombeza.

## Hali za pekee

Figo zake ni mbovu. Ukoo wa diklofenaki ndo marufuku mara mbili. Mofini na kodeini nazo zinajikusanya mwilini figo zikishindwa kuzitoa, mtu analewa siku ya tatu kwa dozi ileile aliyokuwa nayo siku ya kwanza. Daktari anachagua nyingine au anaachanisha saa.

Aliyepasuliwa ni mtoto. Dozi ni kwa uzito, siyo kwa umri wala kwa kukisia, na dawa ya maji ipimwe kwa sirinji, vijiko vya nyumbani havilingani. Kodeini haipewi watoto chini ya miaka 12. Aspirini kwa mtoto ni kama daktari wake wa moyo ameiandika tu. Mtoto mdogo hasemi kifua, utaona hataki kubebwa, hataki kula, analia akikohoa. Mnyanyue kwa kumkinga chini ya mgongo na makalio, siyo kwa kumvuta makwapani.

Nanyonyesha. Sema kabla hujapewa cheti. Kodeini na tramadoli zinapita kwenye maziwa na zinaweza kumlaza mtoto kupita kiasi.

Amemeza parasetamoli nyingi kwa makosa lakini yuko vizuri tu. Nendeni hospitali sasa hivi, na pakiti mkononi. Ini linaharibika kimyakimya, siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa. Dawa ya kuokoa ini ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza.

Daktari wa moyo mwenyewe ameandika ibuprofeni, nimechanganyikiwa. Inatokea. Wiki chache baada ya upasuaji wengine wanapata uvimbe wa ngozi inayozunguka moyo, wana homa, kifua kinachoma wakivuta pumzi au wakilala chali na kinapata nafuu wakiinamia mbele. Matibabu yake ni dawa za kushusha uvimbe, mara nyingi kolchisini, na wakati mwingine mmoja wa ule ukoo kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Hiyo ameipima yeye, ni tofauti na kujinunulia. Muulize tu kama amekumbuka figo na wafarini.

## Maumivu ambayo dawa isiyafiche

Ni maumivu gani nisiyameze kidonge nikalala?

Yale yanayofanana na ya kabla ya upasuaji, kifua kubanwa kama kimekaliwa, yanaenda mkononi, taya au mgongoni, na jasho la baridi. Kukosa pumzi ghafla. Kuzimia. Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutotoka. Hapo ni gari la dharura, siyo kupiga simu kliniki kesho.

Siku hiyohiyo piga simu kama kuna homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kimekuwa chekundu, kina joto, kinatoa usaha au kimefunguka, mguu mmoja umevimba na kigimbi kinauma, au uzito umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 2 au 3. Na kifua kikilia kwa kugonga, ka, ka, unapogeuka au kukohoa, mfupa huenda haujashikana, usisubiri tarehe ya kliniki. Kumbuka parasetamoli inashusha homa, kwa hiyo mpime joto kabla ya dozi, siyo saa moja baada yake, la sivyo homa itajificha wiki nzima na kidonda kinaoza ndani.

Miezi 4 imepita na bado kinauma, nimeambiwa ni mawazo yangu.

Siyo mawazo. Maumivu yanayopita miezi 3 baada ya kupasuliwa kifua yanajulikana kabisa na madaktari, yanaweza kutoka kwenye mishipa ya fahamu, kwenye waya unaochokoza, au mfupa ambao haukuunga vizuri. Omba kuchunguzwa, kama ni waya unaweza kutolewa, kama ni mishipa ya fahamu rudi kwenye swali la gabapentini. Kinachokosewa ni kurudi kwenye tramadoli ukae nayo mwaka mzima bila mtu kukushika kifua kuangalia panapouma. Nenda ukionyeshe kwa kidole, hapa, na hapa, nikiinua mkono hivi.